Yamna, Aliyemwita Bintiye Lalla

Jamaa na majirani mliokuja kutufariji, Batoul, binti mkubwa wa marehemu, anawasomea maisha ya mama yake kwa niaba ya familia, naye anaomba asikatizwe, hata na wakubwa zake.

Yamna binti Haddou alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, kijijini, milimani juu ya Sefrou, akasoma chuo cha Kurani miaka miwili, baba yake akafariki, akatolewa, akafundishwa kusokota sufu na kufuma mazulia, kazi aliyoifanya mpaka vidole vilipomkatalia.

Tarehe 12 Septemba 1967 aliolewa hapa Fes na Moulay Tahar, katika nyumba ya masharifu, ambamo kila mwanamke aliyezaliwa humo huitwa Lalla, cheo cha heshima, tangu bibi kizee hadi mtoto wa kunyonya, na aliyeolewa kutoka nje huitwa jina kavu. Batoul alizaliwa tarehe 20 Juni 1969, na siku ya saba, ya kupewa jina, mama mkwe alimwambia mzazi mbele ya wageni, "Huyu ni Lalla Batoul, nawe mwite hivyo hivyo, usijisahau kwa kuwa umemzaa," basi mama akawa anamfunga mtoto winda huku akimwamkia kwa cheo, na watoto wa mashemeji, aliowafulia na kuwalisha, wakimpigia kelele uani, "Yamna, viatu vyangu viko wapi?" Moulay Tahar alisikia, akanyamaza, Mungu amsamehe. Mwaka 1972 alizaliwa mwanawe wa kiume, Hafid, naye akaamkiwa vivyo hivyo kwa cheo cha wanaume wa nyumba hiyo, Moulay Hafid.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Alipolazwa, muuguzi aliingia akamuuliza, "Lalla Yamna, umeamkaje?" kama mji mzima unavyowaamkia wazee wa kike, na mama akageukia kitanda cha pili kuona ni nani aliyeitwa. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2020.

Asubuhi hii shangazi, Lalla Kenza, alimvuta Batoul jikoni, "Mwanangu, soma Yamna tu, ukoo mzima upo, watatucheka," naye Batoul, sinia la mikate mkononi, akamjibu, "Wacheke wakishashiba, shangazi, miaka hamsini waliyakubali mapishi yake."

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomwosha na kumvika sanda, wafumaji wenzake, na zaidi muuguzi yule, ambaye hakuuliza ukoo. Anayetaka kumwita Batoul Lalla, kuanzia leo aanze na mama yake.

Pumzika kwa amani, Lalla Yamna, ni wewe uliyeitwa.