Kikosi Kimekula Zamu Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afande Brigedia, Mheshimiwa Diwani wetu wa hapa Boko, Sheikh Abdulrahman, maafande wa jeshi letu, na ndugu zetu maafande mliotoka Malawi, Lesotho na Afrika Kusini, mama mkwe wangu Bi Mwanabaraka, shikamoo, wazee wangu wa Kiwalani mlioganda kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo mpaka sambusa za kwanza zikawapita, majirani, wageni waalikwa, na nyie watoto mlio juu ya ukuta: Asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari za mchana.

Mie ni Widad binti Hilal, mke wa Staff Sajenti Sadallah, ambaye leo tumekusanyika chini ya turubai hili kumuaga jeshini. Mshereheshaji amenipa dakika chache nitoe shukrani, kama ilivyo desturi kwa mke wa mstaafu. Shukrani nitazitoa. Lakini mnaonijua mnajua nimekulia dukani kwa baba yangu, na mtoto wa dukani hapokei mzigo kabla ya kuukagua.

Tumesikia sifa nyingi hapa. Tumesikia jinsi majeshi ya nchi kadhaa yalivyoungana kwenda kaskazini ya Msumbiji, yakawafurusha wale waliokuwa wakichoma vijiji na kuchinja wakulima huku wakilitaja jina la Mungu, Mungu huyu huyu tunayemsujudia sie. Nani atabisha? Mie Mwislamu niliyeona dini yangu ikipakwa damu nasema Allah awalipe kheri nyote. Afande amesema Sadallah hakuwahi kukosa zamu ya lindo hata mara moja. Naamini. Mume wangu ni mwaminifu sana kwa zamu. Swali langu ni dogo tu: zamu za nani?

Sitauma maneno, na Bi Mwanabaraka asinikonyeze. Nina wivu. Nina wivu wa mke mkubwa aliyeletewa mwenzie bila kuambiwa.

Ilianza aliporudi kutoka huko Msumbiji. Kila baada ya Magharibi simu inaita, na kwenye kioo jina ni lile lile: Hope. Sadallah anaichukua, anatoka uani, anaongea kwa sauti ya chini, anacheka. Mie jikoni nakaanga samaki huku nimetega sikio. Akirudi namuuliza, "Nani huyo?" Ananijibu, "Mtu wa kikosini." "Anataka nini?" "Salamu tu, mke wangu." Jamani, nyie wenye ndoa zenu, salamu gani hizo za kila siku?

Sikugombana. Mwanamke wa pwani hagombi kabla ya kujua amesimama wapi. Nilijitanda nikaenda kwa Sheikh Abdulrahman, yule pale anayeinamisha kichwa, nikamuuliza haki za mke mkubwa. Sheikh akanifundisha vizuri: mume mwenye wake wawili hugawa siku zake kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na akila zamu ya mmoja, humlipa. Nikarudi nyumbani nimejizatiti. Niliposikia Hope atakuja kwa ajili ya shughuli hii, nikapaka hina, nikanunua doti ya kanga ya kumpokelea, nikamweka wifi yangu Rukaiya pale kituoni ampime kwa macho kabla hajafika mlangoni kwangu.

Rukaiya akanipigia simu. Akasema, "Wifi, mke mwenzio ana ndevu."

Chekeni tu. Sajenti Hope wa jeshi la Malawi ndiye yule aliyekaa ubavuni mwa mume wangu, na doti yangu ameipakata akampelekee mkewe. Karibu sana, shemeji. Mnadhani nilipumua? Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Kwa huyu, nianzie wapi?

Kiswahili chake kafundishwa na Sadallah huko huko mahandakini, na kimemkaa. Jana nilipomwaga chai kwa haraka zangu, akaniambia, "Taratibu, shemeji, dunia haikimbii." Nikaliweka birika chini. Maneno hayo Sadallah aliniambia mie, nikiwa na uchungu wa mtoto wetu Ibtisam, ndani ya teksi iliyokwama Mbezi Luis. Miaka yote nilidhani ni yangu peke yangu. Kumbe yalikwenda vitani, yakagawiwa kama biskuti za mgao.

Na leo asubuhi tulipokuwa tunasimamisha turubai, shemeji alinisaidia kubeba viti. Akaitazama nyumba, akasema kwa upole, "Hapa Bakari angepapenda. Bila shaka Sadallah amekusimulia siku ile."

Nikasema, "Amenisimulia."

Hakunisimulia. Basi Hope akaendelea, kama mtu anayeongea na anayejua: jinsi Koplo Bakari alivyopigwa risasi wakivuka mto, jinsi mume wangu alivyombeba mgongoni huku akimwimbia ili asisinzie, na jinsi alivyoendelea kuimba hata pale ambapo wa kumsikia hakuwepo tena. Nikavipanga viti mpaka vikaisha. Kisha nikaingia jikoni nikalia, na Rukaiya aliponiuliza nikasingizia vitunguu.

Tangu arudi nimekuwa nikimuuliza kuna nini, naye ananijibu, "Nimechoka tu." Nikaamini kachoka. Kumbe alikuwa na la kusema, ila si kwangu. Mnielewe, ndugu zangu, silalamiki kwamba alikwenda. Naona wivu kwa sababu kuna wanaume wa nchi tatu wanaojua jinsi mume wangu anavyolia, na mie mkewe sijui.

Sasa Afande Brigedia, kabla sijapewa kipaza sauti umetangaza kwamba Sadallah anaombwa avuke tena Ruvuma, kwa mkataba, akawafundishe vijana wa kule kulinda vijiji vyao, na kwamba ungependa kuondoka hapa na jibu lake. Watu wakapiga makofi. Ni heshima kubwa, na mie nilipiga. Lakini nilikuwa namwangalia mume wangu. Mnajua alimtazama nani kwanza? Alimtazama Hope.

Baba Ibtisam, nitazame mie sasa. Sitasimama mbele ya wakubwa zako nikasema usiende. Kuna mama kule anafunga mlango wake kwa gogo jua likiwa bado lipo, na pengine nyie mkifika ataweza kuuacha wazi. Nitamnyimaje? Lakini Sheikh ni shahidi yangu kwamba zamu iliyoliwa hulipwa. Sitaki nguo, sitaki dhahabu. Nataka siku ile ya mtoni. Nisimulie habari za Bakari kwa mdomo wako mwenyewe, tangu mlipoamka mpaka ulipoacha kuimba. Najua inavyoisha. Nisimulie hivyo hivyo, kama ambaye sijui. Ukimaliza, mpe Afande jibu lolote litokalo moyoni mwako, na likiwa la kwenda, begi nitakufungia mie.

Afande, naomba umsubiri kidogo. Wageni wetu, biriani ipo ya kutosha, na shemeji Hope atawaongoza mezani, maana mke mwenza naye lazima ahudumu kwenye shughuli ya nyumba. Nawashukuru maafande mliomrudisha akiwa hai. Nawashukuru majirani, na wazee wangu wa Kiwalani. Mmenisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, asanteni sana. Mie nakwenda kukaa pale barazani, kiti cha pili kipo, na safari hii wa kusikiliza ni mie.