Mama Rangi na Monita Iliyotuvuruga Vichwa

Kwa heshima na taadhima, idara ya sauti inawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia mwezi ujao kile kiti kibovu cha chumba cha rangi hakitakuwa na mwenyewe. Mwenye kiti, mrekebisha rangi wa filamu zetu, ambaye hapa kazini hana jina jingine ila Mama Rangi, anastaafu tarehe thelathini baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza kwa kubeba kanda. Akapanda mpaka akakabidhiwa kazi ya kuhakikisha kwamba uso wa mtu kwenye filamu unabaki uso, haugeuki boga. Mimi, mtu wa sauti, nimempa ushauri wa rangi mara nyingi. Husikiliza kwa adabu, kisha huniuliza kama soksi zangu nilizivaa gizani.

Majuzi aliombwa, kabla hajaaga, achague monita mpya ya marejeo, ile ambayo kila picha yetu huhakikiwa kwayo kabla ya kutoka. Bosi alitaka inayong'aa. Mama Rangi akamwambia kwamba monita ya kazi haipambi. Picha ikiwa mbaya, iseme. Alizijaribu kwa michirizi ya kijivu, na iliyoingiza wekundu au ukijani kidogo tu ilirudi dukani. Hatimaye akapata moja. Akaiacha ipate joto, akabandika kipima-rangi kwenye kioo, akaisawazisha. Kipimo kikasema iko sawa kabisa.

Macho yake yakasema ina ubuluu.

Akasawazisha tena. Kipimo: sawa. Macho: buluu. Mhariri alipoitwa aliona buluu, kisha hakuiona, kisha akaomba aende akanywe chai. Mimi nikasema naona vizuri tu, jambo lililomtia Mama Rangi hofu zaidi. Fundi wa umeme akashuku waya, bosi akamshuku muuzaji, na Mama Rangi akajishuku mwenyewe. Alituambia taratibu kwamba macho yamekwisha, na akaomba jina lake liondolewe kwenye filamu ya wakunga aliyoihangaikia mwaka mzima.

Muuzaji akaja kuchukua monita yake. Ikasukumwa hadi stoo, akaiwasha kuikagua kabla ya kuipakia, na Mama Rangi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaona kijivu tupu. Ikarudishwa chumbani: buluu. Stoo: kijivu. Muuzaji akauliza kama sisi ni wazima.

Tukaanza kuulizana nini kimebadilika chumbani, na ukweli ukatoka. Kamati ya kuagana ilikuwa imempakia rangi upya kuta za chumba chake kama zawadi. Rangi ya kijivu ikapungua, fundi wa kupaka akaongezea kopo la rangi ya maziwa bila kumwambia mtu. Chini ya taa hafifu ukuta ulitoa umanjano, na jicho lililozungukwa na umanjano huona nyeupe kama buluu. Kipimo, kilichogandana na kioo, ukuta hakiuoni. Mama Rangi alisikia harufu, akashukuru, na kwa ustaarabu wake hakuichunguza zawadi.

Ukuta umepakwa tena, safari hii yeye akiwa amesimama nyuma ya fundi wa kupaka. Filamu ameimaliza, na jina lake limo. Asante kwa yote, Mama. Nenda ukapumzike, macho yako ni mazima, nasi tunakuombea yaone mengi mazuri.