Papa Paulin Umba Kalenga, Mume Aliyerudi Chumbani Kwake

Ndugu, jamaa, wanaparokia na ninyi wenzake wa reli, familia inawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kumsindikiza. Mimi ninayesoma ni Léa, mjukuu wake, binti wa Mama Marceline. Wengine mnajiuliza kwa nini hakusimama Papa Alexis, mtoto wake wa kwanza. Kwetu mtoto hasemi habari za mwili wa baba yake, iwe mbele ya watu, iwe pembeni. Lakini mjukuu na babu ni watani. Huyu mzee aliniita mke wake mdogo tangu nilipoota meno, nami nikamwita bwana yangu, na Mama Victorine, mke wake mkubwa, hakuwahi kuona wivu. Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, na marehemu mwenyewe aliagiza habari yake isomwe yote bila kurukwa mstari.

Papa Paulin Umba Kalenga alizaliwa Kabalo tarehe 3 Machi 1947, mtoto wa tatu wa Papa Stanislas Kalenga, mfanyakazi wa reli, na Mama Laurentine. Alibatizwa kabla ya kutimiza wiki mbili. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa treni ya mizigo ikipita nyuma ya nyumba, na mkunga hakusikia kilio chake. Akadhani mtoto hana sauti, akamwongezea makofi mawili. Marehemu alisema mpaka uzeeni kwamba makofi hayo alipigwa bure.

Masomo ya msingi aliyafanya kwa mapadri palepale Kabalo, kuanzia 1953 hadi 1959. Mwaka 1961 baba yake alihamishiwa mji huu, wakati ule ukiitwa Élisabethville, na familia ikapata nyumba katika mtaa wa Katuba. Kijana Paulin aliingia shule ya ufundi, akamaliza 1966 na cheti cha fundi wa vyuma. Katika kuchora mashine alikuwa wa kwanza darasani. Katika kuimba walimu walimwomba afungue mdomo tu, sauti waitoe wenzake.

Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa katika karakana ya reli, na hakuiacha mpaka alipostaafu mwaka 2007. Kazi yake ilikuwa magurudumu na breki. Alipita kando ya mabehewa na nyundo ndogo, akigonga kila gurudumu na kusikiliza, kwa sababu gurudumu zima hulia vizuri na lenye ufa hulia vibaya. Wenzake waliomfuata kazini wapo hapa, nao wanajua kwamba hakuruhusu behewa liondoke kwa huruma wala kwa amri ya mkubwa. Treni zilichelewa sana kwa ajili yake. Abiria walimtukana bila kumjua jina, na yeye akarudi nyumbani akala bukari, ugali wetu, kwa amani.

Tarehe 8 Julai 1972 alifunga ndoa na Victorine Mwenya, binti wa wakulima wa upande wa Kipushi. Walikutana kwenye foleni ya maji. Mama Victorine anasema kijana alimpisha mbele mara tatu kwa siku tatu, na siku ya nne akamwambia, "Sasa kama haunipendi, nirudishie nafasi yangu." Mungu aliwapa watoto saba. Wawili walitangulia wakiwa wadogo, na marehemu aliwataja katika sala ya kila jioni kwa majina yao.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na wazee mkitaka kuinamisha vichwa, inamisheni, lakini masikio yabaki wazi.

Mwezi wa sita wa 2021, katikati ya baridi, marehemu alichukua blanketi akahamia chumba cha annexe, kile kidogo cha nyuma ya ua, kilicho karibu na kabine, yaani choo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Hakueleza neno. Baada ya hapo akaacha Misa. Akaacha kusafiri kwenda kumwona Papa Alexis huko Hewa Bora, kwa kuwa safari ya basi ilikuwa ndefu na basi halisimami njiani. Yeye aliyekuwa mpole akawa mkali kama pilipili ya Kasenga: bukari ikichelewa alinuna, mtoto akicheka alidhani anachekwa yeye. Na siku nyingine redio ilipiga wimbo wa zamani, akalia machozi mbele ya wageni, kisha akawafukuza wageni.

Kila mmoja alijipatia maelezo yake. Mama yangu Marceline alisema amegombana na padri. Majirani walitaja bulozi, kwa maana Katuba mzee akibadilika hakukosi jirani wa kusema ni uchawi. Mama Victorine alipika, akampelekea chakula huko nyuma, akarudi. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kupata jibu: mume anayeacha kitanda cha mke wake ana kitanda kingine mahali. Alimtafuta huyo mwanamke kichwani mwake mtaa kwa mtaa, mpaka akafikia kumweka Ruashi. Alikonda. Mwanzoni mwa Machi 2022 alifunga vitu vyake katika masanduku mawili na kumwita kaka yake aje Jumapili ya tarehe 20, mbele ya baraza la familia, amrudishe kwao. Ndoa ya miaka karibu hamsini ilikuwa imebakiza siku chache.

Mimi ni msusi, na kila mwezi nilimnyoa marehemu nywele pale uani. Ijumaa, siku mbili kabla ya baraza, nilikuwa nimemfunga kitambaa shingoni. Kabla sijamaliza upande mmoja wa kichwa aliinuka mara nne, kila mara kukimbilia kabine, na kila mara akakaa huko muda mrefu na kurudi hana raha. Mtoto wake angenyamaza kwa heshima. Mimi nina haki ya kutania, nikaitumia.

"Bwana yangu, unanikimbia juu ya nini? Ni mara ya ine hii. Kwiko bibi ingine mu kabine?"

Hakucheka. Alitazama kama Mama Victorine yuko karibu, akaniuliza polepole, "Weye uko bibi yangu kweli?"

"Niko bibi yako mudogo."

"Basi sikia. Niko na sopisi."

Nilishusha mashine ya kunyolea. Kwa wasiolijua neno hilo, sopisi ni ugonjwa wa zinaa, ule ambao vijana huutibu kwa kujificha.

"Sopisi? Na ile mvi yote? Uliipata wapi?"

"Hakuna pahali. Tangu ndoa, mbele ya Mungu, miye najua paka Victorine, yeye tu. Lakini mikojo inakatika-katika. Inakuya kila saa. Mu usiku inanishinda, kitanda inaloa. Njo maana nilitoka mu chumba. Nikimwambia Victorine, atasema nilienda kwa banamuke. Nani atanisadiki?"

Tazameni kosa hilo lilikotoka. Mwaka 1968, muuguzi mmoja alikusanya vijana wa karakana akawafundisha: mkojo ukikatika, ukija kila saa, ni sopisi, na sopisi haitoki mbinguni. Marehemu alikuwa mwanafunzi mwema, alikumbuka somo miaka hamsini na tatu. Hakuna aliyemfundisha somo la wazee. Akakaa annexe akichunguza dhamiri yake kama alivyochunguza gurudumu, akitafuta dhambi ambayo hakuifanya. Misa aliiacha kwa sababu mbili: aliogopa kuloa kwenye benchi, na aliogopa kupokea komunyo akiwa na ugonjwa wa aibu. Basi huku mume anaogopa kudhaniwa mzinzi, na kule mke, kwa sababu ya woga huohuo, anamdhania mzinzi.

Nilimnyoa upande wa pili, maana sikuweza kumpeleka mtu hospitalini na nusu ya kichwa, na kesho yake asubuhi tukaenda. Daktari Kangwa, mwanamke ambaye angeweza kuwa mjukuu wake pia, alimpima mkojo na damu, akamtazama tumbo kwa mashine. Marehemu alikaa akikunja kofia mikononi.

"Papa, hii haina sopisi," daktari alimwambia. "Haina bulozi, haina zambi. Ni prostati. Iko kantu kadogo mu mwili ya kila mwanaume. Miaka ikienda, kanakomaa, kanafinya njia ya mikojo. Banaume bengi ya miaka yenu beko nayo."

"Bengi?" aliuliza marehemu.

"Bengi sana."

"Na beko bananyamaza?"

"Beko bananyamaza, sawa vile weye."

Hapo mzee alilia. Akaomba msamaha kwa kulia, na daktari akamweleza kwamba hilo nalo lisimtishe. Mtu asiyelala vizuri mwaka mzima lazima awe mkali. Na uzeeni machozi huwa karibu, kwa sababu rafiki wengi wamekwisha kwenda na mwili uliozoea kutii umeanza kuwa na mambo yake. Alimpa dawa, akamwambia apunguze chai ya jioni, na arudi kupimwa kila baada ya miezi sita. Marehemu alitoka pale akitembea haraka hata nikaachwa nyuma.

Jumapili kaka wa Mama Victorine alifika na suti yake, baraza likaketi. Marehemu hakungoja mtu afungue maneno. Alisimama akasema yote, kabine, kitanda, sopisi ya uongo, prostati ya kweli, huku watoto wake wakitazama sakafu na Papa Alexis akikohoa bila kikohozi. Mama Victorine alimwacha amalize. Kisha akamwambia, "We baba ya Alexis! Miye nilikuwa natafuta bibi mu Ruashi muzima, kumbe uko unapigana na mikojo? Shuka zinafuliwa, bwana. Weye ulizani miye naolewa na shuka?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kaka yake alikula kuku aliyekusudiwa kwa huzuni, na masanduku mawili yakafunguliwa siku ileile. Mzee akarudisha blanketi lake chumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu aliumbuliwa na kinyozi, tena mapema, na akapata miaka mitatu na nusu ya raha. Alirudi Misa, akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wala hakuona haya kutoka. Baada ya Misa aliwakamata wastaafu wenzake mmojammoja, akawauliza bila salamu, "Mu usiku unaamuka mara ngapi?" Walimpa jina Papa Mara Ngapi. Walicheka, kisha wakaja kwetu kwa kujificha, na watano kati yao alikwenda nao kwa Daktari Kangwa yeye mwenyewe. Mmoja ugonjwa wake ulikuwa wa hatari, ukawahiwa. Sitamtaja, yuko hapa.

Tangu Februari mwaka huu moyo wake ulidhoofika, miguu ikavimba. Alilazwa mara mbili, akaomba kurudi nyumbani. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne ya asubuhi, Mama Victorine alikuwa akimpaka mafuta miguuni, akasikia pumzi imesimama. Alikuwa na miaka sabini na minane. Tunalia, lakini kwa moyo mwepesi, kwa kuwa hakufa na siri wala hakufa peke yake.

Marehemu ameacha mjane, Mama Victorine Mwenya. Watoto watano, Alexis, Marceline, Ephraïm, Lydie na Guelord. Wajukuu kumi na wanane na vitukuu wanne.

Jana Papa Alexis alitaka ukurasa wa ugonjwa uondolewe kwenye programu hii, kwa heshima ya baba. Mama Victorine alikuwa amelala kwenye mkeka na wajane wenzake. Aliinuka akakaa, akasema maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyatoa:

"Muache. Nililia miezi kenda juu ya bibi mwenye hakukuwa. Kama kwiko mama hapa mwenye bwana yake alihama chumba, asikie. Akirudia ku nyumba, asifunge masanduku. Amuulize."

Bwana yangu Paulin, lala, na sasa usiku wote ni wako, hakuna cha kukuamsha. Upumzike kwa amani ya Mungu.