Puto Jekundu Juu ya Bawa

Kijiwe cha Kinyozi, Redio na Dobi ni benchi la mbao kwenye ua wa karakana ya Fundi Matangi, aliyekuwa akiunda matangi ya maji ya faibaglasi mpaka alipojiwa na wazo la kuunda ndege. Mwaka wa sita huu. Asubuhi hiyo bawa lilikuwa limelazwa juu ya vigoda, na tangi la petroli limo humohumo ndani yake. Lilishavuja mara mbili. Safari hii Fundi alilimwagia ndani rezini, gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, akaligeuza huku na huku ipite kila kona, ilipokauka akaziba matundu yote na kuuvisha mdomo wa tangi puto jekundu lililojazwa upepo. Puto likisimama mpaka saa sita, tangi limepona. Likinywea, ameapa kulikata bawa kwa msumeno na kuachana na ndege. Kinyozi, rafiki yake tangu utotoni, hakuwa amegusa kahawa yake.

— Linanywea, alisema Redio, dereva wa teksi asiyepitwa na habari.

— Macho yako hayo, Kinyozi akamjibu.

— Tazama shingo! Imelegea kama soksi ya juzi.

Dobi akashusha kikombe.

— Faibaglasi inapumua, jamani. Mimi nafua nguo, kitu kinachopumua nakijua.

— Kwa hiyo tangi lina mapafu? Kinyozi akauliza.

— Cheka tu.

— Tatizo ni bawa lenyewe, Redio akadakia. Limeumbwa liruke, mmelilaza chini. Linavuta hewa kwa hasira!

— Hapana, ni dunia. Inazunguka, hewa yote inasogea upande mmoja.

— We Dobi, hiyo kahawa umetia nini?

Lakini puto lilikuwa limeinama kweli. Fundi akapaka povu la sabuni kwenye maungio kwa mara ya tano, hakikutoka hata kiputo. Akaingia ndani, akatoka na msumeno. Kinyozi, aliyemshikia tochi siku zote za kupaka rezini, akasimama mbele ya bawa.

— Subiri kidogo, ndugu yangu.

— Nimesubiri miaka sita.

Hapo akaingia dada wa mke wa Fundi, ametoka safari, begi bado begani.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Asante. Hilo puto mlilijaza jua likiwaka, au likiwa limeshajificha? Hewa ikipoa hujikunyata.

Dobi akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Fundi. Asubuhi nzima walizungumza habari za kuruka, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Wingu zito lilikuwa limetanda.

Wakangoja. Wingu lilipopita, jua likamwagika juu ya bawa, na puto likaanza kuinua kichwa, polepole, mpaka likasimama wima, limejaa, linang'aa. Fundi aliweka msumeno chini, akapiga magoti, akalaza kiganja juu ya bawa.

— Haitoki hata pumzi, alisema.

Kinyozi alimtazama kama mtu asiyemjua.

— Kumbe utaruka kweli, alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaogopa.