Don Onofre, Aliyewauliza Watu Walivyojiita

Mimi, Delfín Archibeque, ndiye mwenye sauti nzuri kuliko wote waliowahi kushika kipaza sauti kuanzia bondeni hapa Los Capulines mpaka mjini Albuquerque. Malaika wakihitaji mtu wa kusoma majina siku ya mwisho, namba yangu ya simu wanayo. Nimeanza na hilo ili mtu asije akadhani nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu wenye shule zao walikuwa na shughuli. Shule niliiacha kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Sasa mwenye sherehe. Don Onofre Mondragón anastaafu leo, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kusoma matangazo ya asubuhi katika Redio Los Capulines. Matangazo yenyewe mnayajua: nani kafariki, rozari itasaliwa kwa nani, ng'ombe wa nani kavunja ua, zamu ya maji ya mfereji imemfikia nani. Katika bonde hili mtu hajafa mpaka Don Onofre aseme. Mchimba kaburi wetu wa zamani hakuwa akigusa sepetu kabla ya kumsikia.

Hakuajiriwa kutangaza. Aliajiriwa kupanda mlingoti na kukaza nyaya. Asubuhi moja ya theluji mtangazaji akakwama barabarani, Onofre akashuka na koleo mkononi, akaketi, akasoma. Alikohoa kuliko alivyosoma. Kufikia jioni wasikilizaji walikuwa wamemletea mizizi ya oshá, dawa yetu ya kifua, ya kutafuna, rundo la kutosha kumponya farasi. Kiti kile hakukirudisha tena, na mwenye kiti, yule aliyekwama kwenye theluji, mpaka leo anasema aliibiwa.

Kazi yake ina utaratibu mmoja ambao mimi, pamoja na sauti yangu, ulinichukua muda kuuelewa. Kabla ya kusoma msiba, huwapigia wafiwa simu na kuuliza: marehemu ni mtoto wa nani? Alinywesha shamba kwa mfereji upi? Na mwenyewe alijiitaje?

Hilo swali la mwisho mgeni ataliona la kijinga. Si sote ni wajukuu wa watu waliokuja na Kihispania chao? Ndiyo, lakini jaribu kutuita kwa jina moja uone moto. Don Belarmino wa dukani ni Mhispano, na ukimpa nafasi atakuhesabia babu zake mpaka kwenye meli iliyowaleta kutoka Hispania. Waliorudi kutoka maandamano ya kudai haki kule Denver ni Wachikano. Neno hilo lilikuwa tusi, wakaliokota barabarani, wakalipangusa, wakalivaa kama koti jipya. Waliokuja juzi kutoka Chihuahua kuchuma tufaha ni Wameksiko, na watoto wao wakienda shule wanarudi Walatino. Na bibi zetu je? Wakisema Kihispania jikoni, walikuwa Wameksiko. Wakigeukia Kiingereza mbele ya mwalimu, walikuwa Wahispania. Mdomo uleule, siku ileile. Wala hawakuwa wakidanganya: kwa Kiingereza cha siku zile, kujiita Mmeksiko kulikuwa kujitafutia kofi. Basi Don Onofre alimsoma kila mtu kwa neno lake mwenyewe, na bonde likalala salama.

Mpaka majira ya baridi yaliyopita, bodi yetu ilipopata akili. Ikaamua redio iwe na kauli mbiu kila saa: "Sauti ya Wahispano!" Simu zikaanza kulia. Mama mmoja alinifokea, "Wahispano gani, wewe mtoto? Mimi hata Texas sijafika, Hispania nitafikaje?" Mwingine akasema afadhali asikilize jokofu lake. Ya simu tuliyavumilia. Lakini nusu ya bonde ikaacha kutuletea misiba. Mzee Pacomio Vigil, aliyelisha harusi zote za upande wa juu, alizikwa na watu sita na mbwa wake. Wengine hawakujua. Siku ile Don Onofre hakugusa chakula chake.

Kisha Februari akaugua Doña Facunda Quintana, bibi wa miaka tisini na saba. Wanawe wawili wakaja studio, kila mmoja kwa mlango wake. Tranquilino, mwenyekiti wa chama cha Wahispano, akasema, "Mama akisomwa Mchikano, mimi kanisani siingii." Eloy, mwenye masharubu ya maandamano tangu mwaka 1971, akajibu, "Na akisomwa Mhispano, jeneza utalibeba peke yako, kaka."

Don Onofre akavua miwani. "Jamani, mnagombea tangazo la msiba la mtu ambaye bado anakunywa supu?"

Akachukua kofia yake, akaniambia niwashe gari. Tukaingia chumbani kwa mgonjwa, wana wawili nyuma yetu wakisukumana mlangoni kama mbuzi. Nilidhani atapiga chenga, aongelee hali ya hewa. Wapi!

"Doña Facunda, siku nikikusoma, nikuiteje?"

Bibi akafumbua jicho moja. "Kwani nimekufa?"

"Bado."

"Basi una haraka ya nini, Onofre? Umeacha maharage jikoni?"

Mimi nilikuwa napima kitanda kina uvungu kiasi gani, nijifiche. Bibi akajiinua kwenye mto.

"Kwa mama yangu nilikuwa Mmeksiko. Kwa mwalimu nilikuwa Mhispania, maana alikuwa na fimbo. Huyu Eloy aliporudi na masharubu yake nikawa Mchikano, la sivyo alikuwa hali chakula changu. Huyu Tranquilino ananiita Mhispano mbele ya wageni, nami nakaa wima nisimwaibishe. Yote ni yangu. Yasome yote, usiruke hata moja. Na ambaye litamuwasha neno mojawapo akae kwake, supu ya posole ya matanga itatutosha tuliobaki."

Eloy alicheka wa kwanza. Tranquilino alijikaza, akajikaza, akashindwa.

Wiki ileile Tranquilino mwenyewe akaenda kuibembeleza bodi. Sasa tunasema "Redio Los Capulines, sauti yenu," basi. Misiba ikarudi, na sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa kuletewa misiba. Doña Facunda naye hakutupa nafasi ya kumsoma. Siku ya kusafisha mfereji, wale wawili waliogombana juu ya jeneza walimbeba mama yao kitini, mmoja huku mmoja kule, akawa anawatukana wavivu wa sepetu kutoka ukingoni. Bonde zima lilishusha pumzi. Leo amekaa safu ya mbele. Nilipomwambia kuwa kuanzia kesho matangazo nitasoma mimi, aliniangalia kutoka juu mpaka chini akasema, "Huyu? Basi nitasubiri."

Don Onofre, asante kwa kila jina ulilolisoma sawasawa. Maji yakufikie kwa zamu na hata bila zamu, pilipili zako ziwe nyekundu, na asubuhi ulale mpaka jua likuaibishe.

Jambo moja tu limeharibika. Mezani pale, chini ya kitambaa, kuna ngao yako ya kumbukumbu. Fundi wa kuchonga alinipigia akauliza, "Chini ya jina lake niandike yeye ni nani?" Nikamjibu palepale, kwa sauti yangu hii nzuri: Mhispano. Nilikuwa nimeketi meza moja nawe, ukiwa na simu sikioni, unauliza wafiwa. Sikugeuka kukuuliza. Na nilipowauliza wenzangu wote hapa kazini, hakuna hata mmoja aliyejua wewe mwenyewe unajiitaje.