Mama Laurentine Mbelu Anaikabidhi Mashine ya Kuchonga

Ijumaa tarehe 28 Julai 2023, Mama Laurentine Mbelu anavua salopeti yake ya buluu ya kazi na kustaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Mafunzo Tujenge, hapa Kolwezi, kwa miaka ishirini na mitatu. Msomaji atakayehesabu tangu mwaka alioajiriwa, 1989, ataona hesabu haikubali, maana kuna pengo la kuanzia 1993 hadi 2004. Tulimwuliza kama tuliruke katika jarida hili, tusije tukaitia sherehe machungu. Alijibu bila kuondoa macho kwenye skrini: "Muandike yote. Mukiacha ile myaka, batu batafikiri nilikuwaka ku kongé."

Haikuwa likizo. Basi tunaandika yote.

Mama Laurentine alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yake, Tata Kalombo, aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na akitoka zamu alikuwa seremala wa mtaa mzima. Kwake ndiko binti alikojifunza kushika penseli na bikari. Alipoajiriwa kwetu kama mchoraji, karakana ilikuwa ikichonga vielelezo vya mbao ambavyo mafundi wa kuyeyusha chuma walivitumia kupata umbo la vipuri. Alichora magurudumu ya pampu na vifuniko vya mabomba kwa mkono, na wenzake walimtania kwamba hata kiazi akikimenya hutoka na pembe sawa.

Kisha uchumi wa migodi ukaporomoka. Mishahara ilikwama, mashine zikanyamaza, na wakatokea waliowaambia watu kwamba wa kulaumiwa ni wenye asili ya Kasai. Machi 1993 makundi ya vijana yalipita nyumba kwa nyumba. Mama Laurentine, mumewe Tshilombo, watoto wao wawili na Tata Kalombo walipandishwa kwenye kamio, lori la mizigo, na kushushwa stesheni, wakalala hapo nje wiki nyingi wakingoja treni. Tata Kalombo hakufika Kasai. Alifariki ndani ya behewa, akazikwa kando ya reli pale treni iliposimama, mahali ambapo binti yake mpaka leo hajui kupaonyesha.

Huko Mwene-Ditu, Kasai, alikaanga mikate asubuhi na kufundisha uchoraji mchana. Migodi ilipoanza kufunguka tena, mkurugenzi wetu wa wakati ule, Mama Henriette, alimtumia ujumbe kwamba kiti chake kiko palepale. Mwaka 2004 akarudi na familia yake. Katika nyumba yao alimkuta Stany Kalumba na mama yake. Mwaka 1993 Stany alikuwa kijana aliyejifunza msumeno kwetu; sasa alikuwa mkuu wa kitengo cha msumeno. Mama Laurentine alipanga chumba mtaa mwingine na akaja kazini. Kwa miaka kumi na zaidi wawili hao walisalimiana asubuhi na jioni, wakazungumza habari za mbao, basi. Sote tulijua. Hakuna aliyethubutu kuligusa jambo hilo.

Mwaka 2015 ikafika mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ilikuja na programu ya waanzaji na fundi mmoja aliyetufundisha siku mbili, akaondoka. Wengi wetu tuliizunguka kama watu wanaomtazama ng'ombe wa jirani. Mama Laurentine alivuta kiti, akakaa.

Mwanzo haukuwa wa kujivunia. Duara lake la kwanza lilipita ubao, likaendelea na meza. Kumbe alikuwa ameandika kina kikubwa kuliko unene wa mbao. Mraba wake wa kwanza ulikatika vizuri kabisa, lakini haukuachiwa vishikizo, yaani vile vipande vidogo visivyokatwa vinavyolishika umbo mpaka mwisho, kwa hiyo uliruka na kutua kwenye sahani ya wali ya mlinzi. Na ndiye aliyekata kibao chetu cha kwanza cha mlangoni, kilichotakiwa kusomeka KARAKANA. Herufi zilitobolewa moja kwa moja, na vitumbo vya R na vya zile A zote vikaanguka sakafuni. Alivikusanya, akavigandisha kwa gundi kimoja kimoja, akacheka kuliko sisi.

Kutokana na makosa hayo alitunga somo ambalo leo kila mwanafunzi wetu analijua. Kwanza chora umbo. Pili iambie programu meche, kile kijino cha chuma kinachozunguka, ipite wapi: nje ya mstari, ndani yake, au juu yake. Anayetaka kifuniko hupita nje. Anayetaka tundu hupita ndani. Anayechanganya huishia na kifuniko kisichoingia popote. Tatu, andika kina na acha vishikizo. Mwisho endesha yote kwenye skrini, uitazame meche ikitembea pale, kabla ya kuwasha chochote. "Ukate kwanza mu ordinateur," huwaambia, akigonga kompyuta. "Kule mbao haiumiake."

Mwaka uliofuata bei ya shaba ilishuka, kazi zikapungua, na ikaamuliwa kitengo cha msumeno kifungwe. Stany Kalumba alikuwa wa kuondoka. Wiki hiyohiyo Mama Laurentine alikwenda kwa mkurugenzi, Tata Polycarpe, akaomba msaidizi wa mashine. Alipotaja jina, Tata Polycarpe alidhani amesikia vibaya, akamwomba alirudie. Akalirudia.

Mimi, Simone, ninayeandika haya, nilikuwa mwanafunzi wake wakati ule, na nilikuwa ndani nikipiga msasa Stany alipokuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Laurentine," alisema, "mbele ya kushika ile mashini, niko na neno. Ile mwaka, nyumba yenu, mi njo nilivunjaka serire ya mlango. Mama yangu aliingia nyuma yangu."

"Najua," alijibu. "Nilikuwa juu ya kamio. Nilikuonaka unabeba meza ya tata yangu."

Stany aliinamisha kichwa. Nilitamani kutoka, lakini njia ilikuwa palepale aliposimama.

"Sasa unaniita juu ya nini?"

"Unajua mbao kupita batu bote beko hapa. Kazi inakuomba, mi njo ninakuita juu ya kazi. Ile ingine, siwezi kukudanganya, bado iko inaniuma. Ikae."

"Ikae," Stany alisema kwa sauti ndogo. "Lakini niseme pardon."

"Umesema. Nimesikia. Kuja, ikala."

Akaketi. Mama Laurentine alimfundisha kuchora duara. Baadaye Mama Laurentine aliniambia kwamba siku ile kipanya kilimshinda kabisa, akaandika vipimo kwa vidole, namba moja moja, ndiyo maana Stany hadi leo anaamini hiyo ndiyo njia sahihi ya kuchora duara. Wote wawili wamesoma aya hizi na kukubali zichapwe.

Walifanya kazi pamoja. Yeye alichora, Stany alichagua ubao na kujua kwa kuugusa tu kama utapasuka. Kisha, mwaka 2019, mtaa wao wa zamani ukapangiwa kuhamishwa kupisha mgodi. Kabla ya nyumba kubomolewa Stany alimwalika aje aingie. Alikwenda na binti yake Tatiana, ambaye alitoka humo akiwa mdogo na hakukumbuka kitu. Meza ilikuwa imekwisha kitambo. Lakini juu ya mlango wa chumba cha kulala kulikuwa bado na ubao wa kupitishia hewa, uliotobolewa almasi ndogo ndogo kwa msumeno wa mkono. Kazi ya Tata Kalombo.

Stany alipanda kwenye kiti, akaubandua taratibu, akamkabidhi. Mama Laurentine aliukumbatia kifuani, akalia mbele yake kwa mara ya kwanza. Stany naye akalia.

Ubao ulikuwa umeliwa na mchwa upande mmoja. Mama Laurentine aliupima, akazichora almasi zote kwenye programu, zile zilizopinda kidogo akaziacha zipinde vilevile kama mkono wa baba yake ulivyozikata. Stany akatafuta mbao nzuri ya mti wa mukwa. Mashine ikakata mbao mbili zinazofanana: mmoja uko juu ya mlango wa Mama Laurentine, mwingine uko nyumbani kwa Stany, kwa ombi la Mama Laurentine mwenyewe. Tulipomwuliza kwa nini, alisema nyumba ile ilikuwa ya wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na tata yake hakupenda kazi yake ikae stoo.

Tangu hapo kazi zimejaa. Karakana imekata vibao vya majina vya shule, herufi za kujifunzia kusoma, magurudumu ya vitanda vya hospitali, na wanafunzi waliopita mikononi mwa Mama Laurentine wamefungua karakana zao Tenke, Fungurume na hata Musumba, ambako mashine ilifikishwa kwa lori lililokwama matopeni mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka mwenye lori.

Katika mkutano wa kumtafuta mrithi, Tata Polycarpe alitaja majina matatu ya vijana wenye diploma. Mama Laurentine aliwasifu wote, akitabiri kwamba wote watafika mbali. Kisha akasema darasa la waanzaji apewe Stany Kalumba. Mkutano ulikubali.

Na yeye je? Atapumzika wiki mbili. Chama cha akina mama maseremala wa Kasaji, mji mdogo magharibi mwa Kolwezi, kimenunua mashine ndogo na kimemwomba akawafungulie somo. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alikataa kitambaa cha pagne na sufuria, akaomba kisanduku cha meche mpya. Amekipata.

Mama Laurentine, ulirudi mahali ulipofukuzwa, ukavuta kiti, ukafundisha. Tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda na afya yako, Tshilombo akiwa kando yako, na umeme wa Kasaji usikatike duara likiwa nusu.