Bibi Mkaa na Kisima cha Nyumbani

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, kaka yake mkubwa, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mkaa, ingawa jina alilopewa na shangazi yetu ni Bibi Mkaa, na leo ni vizuri tulitamke sawasawa.

Alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba hii hii, binti pekee wa baba yetu, karani wa reli, na mama yetu, mshonaji, na wakati huo kisima kilichoko nyuma ya jiko kilikuwa kimeshachimbwa, maji yake mengi na maangavu, lakini yenye chumvi kiasi kwamba hata sabuni iligoma kutoa povu, kwa hiyo mama alikwenda kuteka maji kwenye bomba la stesheni, ndoo kichwani, bintiye nyuma. Siku moja njiani binti alimwahidi mama kwamba atakuja kumpikia chai kwa maji ya kisima chake mwenyewe, mama akamjibu, "Haya, mwanangu, kwanza kua."

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na sekondari ya wasichana mwaka 1965, na likizo moja shangazi alimkuta uani akitwanga mkaa ili ayachuje maji ya kisima, mweusi hadi kwenye nyusi, akampa jina ambalo hakulivua tena. Chumvi haikutoka, lakini swali halikumtoka kichwani, akaenda nalo chuo kikuu, akahitimu kemia mwaka 1974, na tarehe 5 Agosti mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya maji.

Hapo ndipo alipokuja fundi umeme kutengeneza feni, akatumia muda mrefu kuamua kama amwambie mtafiti yule kuwa ana masizi puani, hatimaye akamwambia, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977, na wakajaliwa watoto wawili, kifungua mimba wao muuguzi na kitinda mimba mwalimu.

Kazi yake ilikuwa kupitisha maji ya chumvi katikati ya mabamba mawili ya mkaa, ambayo wataalamu huyaita elektrodi, yakiwa yameunganishwa na umeme mdogo, ili chumvi ivutwe na kujificha katika vitundu vya mkaa, maji yatoke matamu, kisha umeme ukatwe na chumvi isukumwe nje. Alijaribu mkaa wa mbao, wa maganda, mwishowe wa vifuu vya nazi uliochomwa na kupigwa mvuke, akapunguza kila mwaka gundi ya kushikanisha unga wa mkaa, na maji yakawa matamu kweli, ila bamba la upande chanya lilichakaa upesi na mtambo ukarudia kutoa maji ya chumvi. Mama alikuwa amekwisha pita sabini, magoti yamechoka, na bado alikwenda bombani.

Mwaka 1993 dada alifunga mtambo mdogo hapa nyumbani, na kila Jumamosi shemeji yetu aliyatoa mabamba, akayaosha na kuyarudisha, bila kujua kwamba alama nyekundu ya upande chanya ilikuwa imefutika kwa masizi, naye, kwa kuwa jeusi ni jeusi, alirudisha lolote popote. Bibi Mkaa alipogundua, alimnunia wiki nzima, akasema vipimo vya miezi vimekwenda na maji, lakini alipoyafungua mabamba ili ayatupe, alikuta yote mawili mazima, kwa sababu mzigo uliokuwa ukilivunja moja yalikuwa yameupokezana. Alimfuata mumewe uani, akamwambia, "Kosa lile lile, baba, lakini sasa kwa mpangilio," na tangu hapo akayatengeneza mabamba yote kwa mkaa wa aina moja, ili kila moja liweze kushika zamu ya mwenzake, na badala ya kuyahamisha, nyaya za umeme zikawa zinageuzwa kwa siku maalumu. Mkuu wa maabara alipotaka jina la fundi liondolewe kwenye taarifa ya utafiti, dada alijibu kwamba basi na lake liondolewe, yote mawili yakabaki.

Chai ilipikwa mwaka 1994. Mama alionja, akauliza, "Maji gani haya, mbona yamepooza?" kisha akanyoosha kikombe aongezwe, ili ahakikishe, na miaka mitano iliyofuata hadi alipotutangulia hakubeba ndoo.

Dada alistaafu mwaka 2011, akaendelea kuchoma vifuu uani hadi majirani wakazoea moshi. Moyo wake ulianza kumsumbua Machi 2023, alilazwa mara mbili, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alifariki hapa nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, wenzake wa maabara waliokuja hata kubeba viti, na majirani waliovumilia moshi na sasa wanavumilia umati huu. Maji mnayokunywa tangu juzi ni ya kisima kile, na leo asubuhi, kabla ya kuvaa, shemeji yetu alikwenda nyuma ya jiko akageuza nyaya, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuzigeuza.

Bibi Mkaa, zamu yako umeimaliza vizuri, tumeipokea, nawe pumzika kwa amani.